Kupiga picha za karibu za matumbawe katika tangi la kioo: mwongozo kwa anayeanza

Aliyesimama mbele ya tangi la matumbawe huona bustani: kijani kinachowaka, zambarau, rangi ya chungwa, na minyiri midogo ikiyumba kwa mkondo wa maji. Akitoa simu na kupiga picha, hupata kitu kingine kabisa: doa la buluu lisilo na umbo, na juu yake sura yake mwenyewe iliyoakisiwa na kioo.

Kwa wasikilizaji wetu waishio mbali na bahari, tangi la namna hiyo, liwe la hoteli, la duka la samaki au la rafiki, huenda ndilo mahali pekee pa kukutana ana kwa ana na kiumbe huyu. Katika nchi jirani za Kenya na Tanzania, matumbawe ndiyo yaliyojenga miamba inayoikinga pwani dhidi ya mawimbi na kuwapa samaki makazi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na ile ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995, kwa ajili ya kuilinda miamba hiyo pamoja na viumbe wake.

Makala haya yanaeleza kwa nini picha za matumbawe ya tangini huharibika, na nini anachoweza kufanya mtu anayeanza, awe na simu au kamera, ili apate picha iliyo wazi na ya kweli. Ukweli huo una uzito wake. Picha ndiyo inayomwonyesha mfugaji kama mnyama wake anakua au anakufa, na ndiyo anayoitegemea mnunuzi anapotuma fedha kwa muuzaji wa mji mwingine ambaye hajapata kumwona.

Ni mnyama, si ua

Tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo waitwao polipi. Kila polipi ana mdomo uliozungukwa na minyiri, na katika matumbawe magumu polipi hujijengea kiunzi cha chokaa chini yao. Ndani ya nyama yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa nguvu za mwanga na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya riziki yake.

Jambo hili lina maana kwa mpiga picha. Kwa kuwa ni mnyama, tumbawe hushtuka. Ukiingiza mkono majini, ukigonga kioo au ukiwasha taa kali ghafla gizani, polipi hujikunja na kuingia ndani ya kiunzi, na huenda wakachukua saa nzima kabla ya kutoka tena. Kanuni ya kwanza, basi, ni subira. Litazame tangi kwa siku kadhaa kabla ya kupiga picha, na uandike ni saa ngapi kila tumbawe hukunjuka kikamilifu.

Mengi hukunjuka mchana, taa zikiwa zimewaka kwa saa kadhaa. Mengine hungoja usiku. Tumbawe la jua, ambalo wataalamu huliita Tubastraea, halina mwani ndani yake, hivyo hutegemea chakula kinacholetwa na maji. Polipi wake wa rangi ya chungwa hufunguka giza linapoingia au wanapohisi chakula. Atakayelipiga picha saa sita mchana huenda akapata vifundo vilivyofumba tu, akadhani ni mgonjwa.

Tayarisha tangi kabla ya kamera

Picha nyingi mbaya huharibikia kwenye kioo, wala si kwenye kamera. Utando mwembamba wa mwani ambao jicho huuzoea na kuupuuza, kamera huuona kama ukungu. Safisha kioo ndani na nje saa moja au mbili kabla ya kupiga picha, ili takataka zilizochochewa zipate muda wa kutulia. Ukitumia kisafishio cha sumaku, hakikisha hakikubeba punje ya mchanga, kwani punje moja huacha mkwaruzo wa kudumu. Tangi la akriliki hukwaruzika kwa urahisi zaidi kuliko la kioo, hivyo litumie kitambaa au kisafishio kilichotengenezwa kwa ajili yake.

Hatua ya pili ni kutuliza maji. Zima pampu zinazosukuma mkondo, kisha subiri dakika tano hadi kumi mpaka chembe zinazoelea zishuke na minyiri iache kupepea. Kwa matangi yenye tangi la pili chini yake, fahamu kwamba pampu ya kurudisha maji ikizimwa, kiasi fulani cha maji hushuka kutoka juu. Kama tangi la chini limejaa mno, maji ya chumvi yatamwagika sakafuni, pengine karibu na soketi za umeme. Hakikisha lina nafasi ya kutosha, na nyaya zote zipinde kuelekea chini kabla ya kufika kwenye soketi, ili tone la maji lidondoke kabla halijaufikia umeme.

Usiziache pampu zikiwa zimezimwa kwa muda mrefu. Mkondo ndio unaosaidia hewa kuingia majini, na samaki pamoja na matumbawe huvuta hewa hiyo. Weka kengele ya simu ikukumbushe baada ya dakika ishirini. Wengi huvutwa na picha wakasahau pampu hadi asubuhi, na gharama yake huwa kubwa.

Kisha zima taa za chumba, funga mapazia na uvae nguo nyeusi. Dirisha lililo nyuma yako au shati jeupe ulilovaa ndivyo hasa vinavyoonekana kwenye kioo.

Tahadhari moja haina budi kusisitizwa. Usiyahamishe matumbawe kwa ajili ya picha, hasa yale laini yanayofanana na vitufe vilivyotandazwa juu ya jiwe, yajulikanayo kama Zoanthus na Palythoa. Baadhi yao hubeba sumu kali iitwayo palitoksini, inayoweza kumdhuru mtu ikiingia kwenye kidonda au machoni. Ikikulazimu kuyagusa, vaa glavu na miwani ya kinga, kisha nawa mikono vizuri. Kamwe usichemshe jiwe lenye matumbawe hayo, kwani watu wamewahi kuugua kwa kuvuta mvuke wake.

Ielekeze lenzi moja kwa moja kwenye kioo

Mwanga hupinda unapotoka majini, ukapita kwenye kioo na kuingia hewani. Ukiielekeza kamera kwa mshazari, mwanga wa kila rangi hupinda kwa kiasi chake, na picha hutoka na kingo zenye vivuli viwili, kimoja chekundu na kingine cha buluu. Hakuna programu itakayolirekebisha kosa hilo kikamilifu.

Dawa yake ni rahisi. Uso wa lenzi na uso wa kioo viwe sambamba, kama kitabu kilichobandikwa ukutani. Kadiri lenzi inavyokikaribia kioo ndivyo uakisi unavyopungua. Kama tumbawe liko upande wa kushoto, sogeza kamera yote kushoto badala ya kuigeuza. Epuka pembe za tangi na kioo kilichopinda, kwani huko hata jicho huona umbo lililovutwa.

Njia nyingine ni kupiga kutoka juu. Matumbawe mengi hupendeza zaidi yakitazamwa hivyo, kwa kuwa huelekeza rangi zake kwenye mwanga. Pampu zikiwa zimezimwa, uso wa maji hutulia kama kioo. Wengine hutumia kisanduku chenye sakafu ya kioo kinachoelea juu ya maji na kuondoa viwimbi vyote. Jambo la kuzingatia ni kuifunga simu au kamera kwa kamba shingoni au mkononi, kwa maana maji ya chumvi hayasamehe.

Buluu inayoidanganya kamera

Swali linaloulizwa zaidi na wanaoanza ni hili: kwa nini kila kitu hutoka buluu? Taa za matangi ya matumbawe hutengenezwa kuiga mwanga wa bahari ya kina, ambako maji yameshazimeza rangi nyekundu na ya chungwa na kuacha buluu. Mwani wa matumbawe huutumia vizuri mwanga huo. Matumbawe mengi yana pia protini zinazoumeza mwanga wa buluu na kuurudisha ukiwa kijani, chungwa au nyekundu. Huo ndio mng'ao unaomvutia mtazamaji.

Ubongo wa mwanadamu huizoea buluu ukaipunguza, hivyo jicho huuona mng'ao vizuri. Kamera haina mazoea hayo. Kifaa chake cha kupokea mwanga hufurika buluu, na mpangilio wake wa kukadiria weupe hushindwa, kwa sababu umeandaliwa kwa ajili ya jua, kivuli na taa za nyumbani. Kamera nyingi hukadiria rangi ya mwanga hadi kiwango cha 10,000 kwa kipimo cha Kelvin, ilhali taa za matangi mara nyingi huvuka hapo.

Kuna njia tatu za kukabiliana na hali hiyo. Ya kwanza ni kuubadilisha mwanga wenyewe. Taa nyingi za kisasa huruhusu kupunguza buluu na kuongeza nyeupe. Fanya hivyo taratibu na kwa muda wa kupiga picha tu, kisha zirudishe kama zilivyokuwa, kwani mwanga mkali wa ghafla unaweza kuyachosha matumbawe.

Ya pili ni kuweka kichujio cha rangi ya njano au chungwa mbele ya lenzi. Kichujio hicho huzuia sehemu ya buluu na kuiachia mng'ao wa tumbawe ipite. Vipo vichujio vya kubana kwenye simu, na hata kipande safi cha plastiki ya rangi hiyo hutosha kwa kujifunzia. Njano hufaa pale taa zenye nyeupe zinapowaka, na chungwa pale buluu inapotawala.

Ya tatu ni kuhifadhi picha katika faili ghafi badala ya JPEG. Faili ghafi hutunza habari zote zilizopokelewa na kamera, hivyo rangi zinaweza kusahihishwa baadaye kwa programu bila kuiharibu picha. Simu nyingi za sasa zina uwezo huo katika mpangilio wa kitaalamu. Usahihishaji hata hivyo una mpaka: pale buluu ilipofurika kupita kiasi, undani uliopotea haurudi. Kwa hiyo punguza mwangaza kidogo wakati wa kupiga. Picha iliyofifia kiasi huokolewa kwa urahisi kuliko iliyoungua.

Huenda pia ukaona michirizi ya giza ikikatiza picha. Taa hupunguzwa ukali kwa kuwashwa na kuzimwa kwa kasi isiyoonekana kwa jicho, lakini kamera huinasa. Ongeza ukali wa taa, au tumia mwendo wa polepole zaidi wa shata, na michirizi itatoweka.

Tabaka la milimita moja

Ugumu halisi wa picha za karibu ni fokasi. Kadiri unavyolisogelea tumbawe, ndivyo tabaka linaloonekana kwa uwazi linavyokuwa jembamba. Kwa kamera yenye kifaa kikubwa cha kupokea mwanga, na lenzi ya picha za karibu inayomchora mnyama kwa ukubwa wake halisi, tundu la lenzi likiwa f/8, tabaka hilo lina unene wa takriban milimita moja tu. Ukipumua, umeshalipoteza.

Kwa hiyo tumia kisimamio cha miguu mitatu. Zima fokasi ya otomatiki, ambayo huhangaika kati ya kioo, chembe za maji na tumbawe, na ulenge kwa mkono huku ukikuza picha kwenye skrini. Chagua sehemu moja iliyo muhimu. Kwa kawaida ni mdomo wa polipi, kama vile jicho lilivyo muhimu katika picha ya mtu. Piga kwa kihesabu cha sekunde mbili, ili kidole chako kisiitikise kamera.

Vipimo vya kuanzia ni hivi: tundu la lenzi f/8 hadi f/11, shata 1/100 ya sekunde, na ISO kati ya 400 na 800. Kama maji yametulia kabisa na kamera imesimama imara, unaweza kushuka hadi 1/30 na kupunguza ISO, ili picha isiwe na chembechembe. Kama kuna mkondo, panda hadi 1/200 na ukubali ISO kubwa zaidi. Usilifinye tundu hadi f/22 kwa kutafuta uwazi wa kila mahali, kwani tundu dogo mno hutawanya mwanga na picha yote hulainika.

Simu inatosha kwa kuanza. Futa lenzi yake, kwa maana alama ya kidole ndiyo adui wa kwanza. Iegemeze kwenye rundo la vitabu au uibane kwenye kisimamio. Gusa skrini palipo na polipi na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, kisha ushushe mwangaza kwa kidole. Usikuze picha kwa skrini, kwani huko ni kukata na kupanua tu. Ni afadhali kununua lenzi ndogo ya kubana na kusogea karibu.

Usitumie mmweko wa simu. Hugonga kioo, hurudi ukiwa doa jeupe, na huwashtua wanyama.

Kusahihisha na kudanganya

Baada ya kupiga, hufuata kazi ya kusahihisha. Hapa ndipo mfugaji mwaminifu na muuzaji mjanja wanapoachana njia. Kuondoa buluu iliyozidi ili picha ifanane na kile jicho lilichokiona ni kusahihisha. Kusukuma rangi mpaka tumbawe la kahawia liwe zambarau linalowaka ni kudanganya. Aliyelipia zambarau hupokea kahawia, na mara nyingi hujilaumu mwenyewe kwa kudhani maji yake ndiyo yaliyoifukuza rangi.

Kabla ya kununua kwa kutazama picha, omba picha mbili za tumbawe lile lile, moja chini ya mwanga mweupe na nyingine chini ya buluu, zote bila kusahihishwa. Tazama mchanga na mwamba ulio nyuma. Kama mchanga nao umegeuka waridi au zambarau, basi rangi zimesukumwa. Kumbuka pia kwamba matumbawe yote magumu ya kundi la Scleractinia yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo kuyavusha mpaka wa nchi kunahitaji kibali. Picha nzuri si badala ya karatasi hiyo.

Picha kama daftari la afya

Tumbawe hukua polepole na hufa polepole, na jicho linalolitazama kila siku halioni tofauti. Hapa picha ya karibu hufanya kazi ambayo kumbukumbu haiwezi. Mara moja kila juma, piga kila tumbawe kutoka mahali pale pale, saa ile ile, kwa mwanga ule ule. Bandika rula nyembamba nje ya kioo ili kipimo kionekane. Baada ya miezi mitatu, ziweke picha kando kwa kando.

Tafuta dalili tatu. Ya kwanza ni mstari mweupe kwenye shina, unaopanda juma hadi juma: nyama inajivua kutoka kwenye kiunzi. Ya pili ni polipi wasiokunjuka tena kama zamani. Ya tatu, iliyo muhimu kuliko zote, ni kupauka.

Tumbawe likipata joto kupita kiasi au mwanga mkali mno, hupoteza mwani wake na kuwa jeupe. Wengi hulitupa hapo hapo wakiamini limekufa. Lakini jeupe si lazima liwe limekufa. Picha ya karibu itaonyesha tofauti. Kama juu ya kiunzi kuna utando ung'aao kama kioo, na midomo na minyiri midogo ingali inaonekana, basi mnyama yu hai, ana njaa, na anaweza kupona joto na mwanga vikishushwa taratibu. Kama kingo za kiunzi ziko wazi na kavu kama mfupa, na mwani wa kijani au wa kahawia umeanza kuota juu yake, basi amekwisha.

Swali hilo hilo huulizwa baharini. Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi, na mengi ya Kenya na Tanzania hayakupona. Upaukaji ulirejea mwaka 2016. Mwezi Aprili mwaka 2024, wanasayansi walitangaza tukio la nne la upaukaji wa dunia nzima. Kila mara, wazamiaji hushuka na kamera kutafuta kile kile anachokitafuta mfugaji mbele ya kioo chake: je, juu ya weupe huu bado kuna uhai?

Anayeanza leo asijitwike yote kwa pamoja. Achague tumbawe moja, asafishe kioo, azime pampu kwa dakika kumi, aielekeze lenzi moja kwa moja, na apige picha ishirini za polipi mmoja. Kumi na tisa zitakuwa na ukungu. Aihifadhi ile moja iliyo wazi, aiandikie tarehe, kisha awashe pampu zake. Hiyo itakuwa karatasi ya kwanza ya daftari lake.